Minyororo ya matairi iliyo rahisi kufunga kwa barabara ya Isyonje, Kitulo na Matamba

DaktariWaMifugo_Isyonje aliuliza:

Ndugu zangu, salaam kwenu nyote. Mimi ni daktari wa mifugo, na kazi yangu hunipandisha kutoka Isyonje kupitia Kikondo hadi uwanda wa Kitulo, huku Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, na mara nyingine hadi Matamba, kwenye kaya zinazofuga ng'ombe wa maziwa. Wenyeji wa huku mnajua kwamba mvua zikishaanza mwezi wa Novemba tunaishi na tope hadi Mei, na ng'ombe aliyeshindwa kuzaa usiku hawezi kungoja barabara ikauke. Natumia Toyota RAV4 ya mwaka 2008 inayovuta kwa magurudumu yote manne, yenye matairi ya 225/65R17 ambayo kashata zake bado ni nzima. Hata hivyo, udongo wa mfinyanzi ukishajaa katikati ya kashata, tairi zuri na tairi kipara huteleza sawasawa, na mwezi wa Februari uliopita gari lilirudi nyuma lenyewe kwenye mlima huku nimekanyaga breki hadi mwisho. Lilisimama ukingoni, upande wa bonde.

Gari hili liliponifikia kutoka Japani nilikuta ndani ya buti mfuko wenye minyororo ya matairi, ile ambayo madereva wetu huiita cheni, ikiwa haijawahi kutumika. Kwenye mfuko kuna maandishi ya Kijapani nisiyoyasoma, lakini vipimo vya matairi vinasomeka, na kimojawapo ni 215/70R16. Kipimo cha matairi yangu hakimo. Nilijaribu kuifunga nyumbani, nikatumia karibu saa nzima na kulabu moja haikufika mahali pake.

Ninaomba kujua kama minyororo hii inaweza kusaidiwa kwa namna yoyote, au ninunue mingine, na kama nitanunua, ni aina ipi ambayo mtu mmoja anaweza kuifunga peke yake, mvua ikinyesha, bila kulala chini ya gari. Nasisitiza jambo hilo la mwisho kwa sababu mara nyingi nasafiri peke yangu na mgongo wangu una matatizo. Ninajua pia kwamba minyororo hii ilitengenezwa kwa ajili ya theluji, na sisi hatuna theluji. Kwa hiyo ningependa kusikia kutoka kwa waliowahi kuitumia kwenye tope hasa.

FundiUyole alijibu:

Dada daktari, pole kwa lililokupata mwezi wa Februari. Nianze na kulabu yako, kwa kuwa jibu lake liko kwenye namba za ubavuni mwa tairi.

Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, ya pili ni urefu wa ubavu kwa asilimia ya upana huo, na ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Ukizipiga hesabu, tairi la 215/70R16 lina kipenyo cha takriban milimita 707, na lako la 225/65R17 lina takriban milimita 724. Tofauti ya milimita 17 inaonekana ndogo, lakini mnyororo unazunguka tairi lote, na kwenye mzunguko tofauti hiyo inakuwa zaidi ya sentimita 5. Ongeza upana uliozidi kwa sentimita 1. Ndiyo maana kulabu haikufika. Wapo watengenezaji ambao mnyororo wao mmoja hufaa vipimo hivi viwili, nao huviandika vyote kwenye mfuko. Kama chako hakikuandikwa, usilazimishe, na tafadhali usikubali mtu akuunganishie kipande cha waya au pingu, yaani pete ya mnyororo, ya kuchomelea. Kiungo cha kuunga ndicho hukatika kwanza, na mnyororo unaokatika ukiwa unazunguka hupiga madigadi, waya wa kihisi cha breki na mpira wa breki. Uza hiyo minyororo kwa mwenye matairi ya kipimo chake, kwani ukiwa mpya bado una thamani.

Kabla hujanunua mingine, egesha gari mahali tambarare, pitisha vidole kati ya tairi na shokapu, upande wa ndani, ukazungushe usukani hadi mwisho kulia na kushoto huku ukitazama nafasi inayobaki. Mnyororo wa magari madogo huwa na unene wa milimita 9 au 12 kwenye sehemu inayokanyaga, na ile ya magari makubwa ya aina yako hufika hadi 16. Unene huo unajirudia upande wa ndani kwa kiasi fulani, na gari likiwa na mzigo au likiingia shimoni nafasi hupungua tena. Watu wengi hupima nafasi ya juu, kwenye madigadi, wakasahau ya ndani, ambayo ndiyo finyu zaidi.

Kuhusu magurudumu ya kufunga, fuata kitabu cha gari. RAV4 ya toleo lako huanzia nguvu mbele na kuita magurudumu ya nyuma pale inapohitaji msaada, kwa hiyo minyororo jozi moja hukaa mbele. Mwenye Hiace au pikapu inayovuta kwa nyuma hufunga nyuma. Nimekutana na kijana aliyefunga mbele kwenye pikapu ya nyuma, akashangaa kwa nini usukani unamtii lakini gari halipandi.

Mkinga_Innsbruck alijibu:

Dada, nakusalimu kutoka Austria. Mimi ni mzaliwa wa Tandala, Makete, na kwa miaka kadhaa sasa ninaendesha gari la kusambaza bidhaa katika milima ya huku, ambako minyororo ni kifaa cha kawaida kama jeki. Kuanzia tarehe 1 Novemba hadi 15 Aprili kila lori linalozidi tani 3.5 linatakiwa na sheria kubeba minyororo ya angalau magurudumu mawili yanayovuta, hata kama mbingu ni nyeupe bila wingu. Penye alama ya duara la buluu lenye picha ya tairi lililofungwa mnyororo, hupiti bila kuifunga. Mwendo wa juu ukiwa umefunga ni kilomita 50 kwa saa, na mimi kwa kawaida sifiki hata 40.

Kwa urahisi wa kufunga, nitakueleza aina tatu ambazo nimezishika kwa mikono yangu. Ya zamani ni ile inayotandazwa chini kama mkeka, ukaendesha gari juu yake, ukashuka na kuunganisha ncha zake. Ni ya bei nafuu, lakini inakudai ulisogeze gari lililokwisha kunasa, na hapo ndipo inaposhindwa. Ya pili ina kitanzi cha waya wa chuma unaopindika, ambao hufunguka na kupitishwa nyuma ya tairi bila kusogeza gari. Unaunganisha ncha za kitanzi juu ya tairi, unakisukuma kikae upande wa ndani, kisha unafunga kulabu ya nje na kukaza mnyororo mwembamba kupitia vijishimo vyake. Rangi za kulabu hukuonyesha ipi hutangulia, hivyo hata gizani huwezi kupotea. Kazi yote unaifanya ukiwa umepiga magoti, na mkono wako mmoja tu ndio unaoingia nyuma ya tairi. Ya tatu ni hiyo hiyo ya kitanzi, lakini ina kikaza kinachojivuta chenyewe gari linapotembea, kwa hiyo husimami tena kukaza. Kwa mwenye mgongo unaouma ningesema nunua hiyo ya tatu hata kama bei yake iko juu.

Kuna pia soksi za kitambaa zinazovishwa tairi. Ni nyepesi kuliko zote na mtoto anaweza kuzivisha, lakini zilibuniwa kwa theluji na barafu peke yake. Kwenye kokoto za Kikondo zitachanika kabla hujafika kwa mgonjwa wako wa kwanza.

Kwa wapenda historia, mnyororo wa tairi ulipewa hataza, yaani hati ya haki ya mvumbuzi, nchini Marekani mwaka 1904, kwa jina la Harry D. Weed wa Canastota, New York. Inasimuliwa kwamba wazo alilipata kwa kuwaona madereva wakizungushia magurudumu kamba na hata mimea itambaayo ili wapite kwenye tope. Nilipolisoma jambo hilo nilimkumbuka baba yangu mdogo, ambaye alikuwa akifunga kamba za katani kwenye magurudumu ya Land Rover yake kila msimu wa mvua, na hakuwa amesikia habari za mtu huyo wa New York.

DerevaWaViazi_Matamba alijibu:

Dada daktari, na wewe ndugu yangu wa Innsbruck, nawaheshimu wote, ila hapa nitatofautiana kidogo, kwa kuwa mimi nateremsha viazi mviringo kutoka Matamba hadi Chimala, na tope la huku nalifahamu kwa miaka mingi.

Theluji na tope si ndugu. Theluji, jinsi ninavyoelewa kwa maelezo ya wenzetu, hushindiliwa na mnyororo ukaishika kwa meno. Tope letu la mfinyanzi hujaza matundu ya mnyororo, likashindiliwa humo, na baada ya mwendo mfupi unajikuta una tairi lililovaa koti la udongo. Kwa hiyo kwenye tope tunahitaji matundu makubwa na pingu nene, ili udongo urushwe nje tairi linapozunguka. Ile minyororo ya waya mwembamba ambayo baadhi ya wauzaji huisifia kuwa ni rahisi kufunga ni kweli ni rahisi, lakini mawe ya huku huikata.

Halafu kuna umbo. Mnyororo wa ngazi, wenye vipande vinavyokatiza tairi kama vidato, hupanda mlima vizuri sana na hujisafisha haraka, ndiyo maana wenye matrekta na malori huupenda. Kasoro yake ni kwamba hauzuii gari kuteleza kwa ubavu, kwa sababu katikati ya kidato na kidato tairi halina kitu. Barabara zetu zimeinuka katikati na kulalia pande mbili ili maji yatoke, na wewe mwenyewe umesema gari lako lilisimama ukingoni. Kwa hiyo wewe unahitaji ule uliosukwa mshazari kama wavu wa kamba, ambao huwa na chuma kinachogusa ardhi wakati wote, mbele na pembeni.

Ninapopingana na ndugu yangu ni kwenye kikaza kinachojivuta. Ndani yake kuna springi na meno madogo, na nimeona kwa jirani yangu hapa Matamba vikijaa mchanga na ufinyanzi katika msimu wa kwanza, kimoja kikagoma kukaza na kingine kikagoma kufunguka, hata ikabidi mnyororo ukatwe kwa msumeno wa chuma ili gari litoke. Chukua ule wa kitanzi unaokazwa kwa mkono. Utasimama mara moja baada ya mita mia moja au mia mbili kuukaza upya, na utasimama tena ukisikia mlio wa kugonga. Kusimama huko ni usumbufu, nakubali, lakini unaushika mnyororo wako kwa macho yako na mikono yako, nawe unajua hali yake.

Sasa nikueleze lililonipata, kwa sababu halisemwi vya kutosha. Mwaka mmoja nilifunga haraka haraka, giza linaingia, nikaacha ncha ya mnyororo wa kukaza ikining'inia kama urefu wa kiganja kwa kuwa sikuona mahali pa kuichomeka. Nilipofika kwenye zile kona tunazoziita Hamsini na Saba, kwa hesabu ya kona zake hadi Chimala, ncha ile ilikuwa imekwisha kuuchapa mpira wa breki wa gurudumu lile hadi ukatoboka, na kanyagio likazama. Nilisimama kwa gea na kwa kuligonga gari kwenye ukuta wa mlima. Abiria wangu alivunjika mkono. Tangu siku hiyo sifungi mnyororo bila kuzungusha gurudumu taratibu na kuangalia kila kinachoning'inia, na ncha inayozidi naifunga kwa kipande cha mpira wa tyubu.

Jambo lingine linahusu kuteremka, na hapa namwomba fundi anisahihishe nikikosea. Gari lenye minyororo mbele peke yake hushika sana mbele na kuteleza nyuma. Ukipanda hutaona tatizo. Ukiteremka na kukanyaga breki, mkia hutaka kuja mbele, nao hukupeleka kwenye bonde ukiwa umeshika usukani unaokutii kabisa. Kwa hiyo teremka kwa gea ya kwanza tangu juu, usisubiri gari lishike kasi ndipo ulikamate, na kanyaga breki kidogo kidogo huku magurudumu yamenyooka.

FundiUyole alijibu:

Mzee wangu, hujakosea hata kidogo, na shukrani kwa kusimulia habari ya mpira wa breki. Nitaongeza tu kwamba kama nafasi ya nyuma ya RAV4 itaruhusu na kitabu hakikatazi, jozi ya pili kwa magurudumu ya nyuma ndiyo tiba ya mkia. Kama kitabu kinataka mbele pekee, basi heshima iwe kwenye mwendo, na mteremko wenye bonde wazi upande mmoja usiteremkwe mvua ikiwa bado inanyesha. Huku kwetu jua likitoka, baada ya saa mbili au tatu ngozi ya juu ya barabara hukauka, na mlima uliokushinda asubuhi unaweza kuupita mchana bila kufunga chochote.

MamaChai_Mufindi aliuliza:

Samahani kwa kuingilia. Na ile barafu ya asubuhi ya mwezi wa Juni na Julai inayofanya majani ya Kitulo kuwa meupe, nayo inahitaji minyororo?

Mkinga_Innsbruck alijibu:

Hapana, mama yangu. Shikamoo. Ile ni jalidi, utando mwembamba unaokaa juu ya majani na kuyeyuka jua likipanda, wala haifanyi tabaka ambalo mnyororo unaweza kulishika. Kwenye udongo mkavu wa wakati huo mnyororo utakwaruza mawe na kuchimba barabara ya wanakijiji bila faida. Endesha polepole kwenye madaraja na kwenye vivuli vya misindano, inatosha.

Na kwa mzee wa Matamba: nimekubali hoja yako juu ya kikaza. Huku tope halikai kwenye barabara za kawaida, na sikuwa nimefikiria mchanga unavyoweza kuingia kwenye springi. Dada, fuata ushauri wake. Mimi nibakize moja tu, ambalo ni lile lile huku na huko: funga kabla ya mlima. Chagua mahali tambarare, pana, ambapo gari lingine linaweza kukuona na kukupita, ufunge ukiwa bado unaweza kusimama wima. Aliyekwisha kunasa hana mahali pa kupigia magoti, na jeki kwenye tope hudidimia upande mmoja likaangusha gari. Usiingize mkono wala kichwa chini ya gari lililoinuliwa hivyo. Ukifika kwenye lami, toa minyororo mara moja, kwa sababu lami huila kwa kilomita chache, nayo huila lami.

DerevaWaViazi_Matamba alijibu:

Ndani ya mfuko wa minyororo weka glavu za mpira zenye kiganja kigumu, tochi ya kuvaa kichwani, na kipande cha turubai cha kupigia magoti. Beba na panga. Matawi ya miwati yaliyotandazwa mbele ya tairi yamenitoa mara nyingi pale ambapo cheni ilikuwa imejaa udongo, na miti hiyo iko kando ya barabara nyingi za huku, ila omba kwa mwenyewe kwanza. Ukirudi nyumbani, osha minyororo kwa maji mengi, ianike, ipake mafuta machafu ya injini kidogo, ndipo uirudishe mfukoni. Ukiiweka na tope, msimu ujao utakuta pingu zimeshikana kwa kutu.

DaktariWaMifugo_Isyonje alijibu:

Nimerudi kuwashukuru baada ya wiki tatu, na kueleza nilichofanya. Nilipima nafasi kama fundi alivyoagiza: upande wa ndani wa tairi la mbele, usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho, vidole vyangu viwili vinapita kwa shida. Kwa sababu hiyo niliacha ile ya milimita 16, nikachukua ya milimita 12 iliyosukwa mshazari, ya kitanzi, inayokazwa kwa mkono, na ambayo kipimo changu kimeandikwa waziwazi kwenye mfuko. Kitabu cha gari kinataka magurudumu ya mbele tu, hivyo sitanunua jozi ya pili.

Nimefanya mazoezi uani mara tano. Ya kwanza ilinichukua dakika 40 kwa magurudumu mawili, kwa sababu kitanzi kilikuwa kikirudi upande wa nje kila nilipoachia mkono, hadi nilipogundua kwamba inabidi kukisukuma kwa goti upande wa chini wa tairi wakati mkono unaunganisha juu. Ya tano nilifanya usiku, kwa tochi ya kichwani, mwanangu akinimwagia maji kwa bomba la bustani, ikachukua dakika 13. Mgongo haukuuma. Ncha iliyozidi nimeifunga kwa mpira wa tyubu, mzee wangu, na sasa kabla ya kuondoka nasukuma gari mbele kidogo na kulizunguka kuangalia.

Jumanne iliyopita niliitwa Kikondo saa kumi na moja alfajiri. Nilifunga kwenye uwanja wa shule kabla ya mlima, nikapanda kwa gea ya kwanza bila gurudumu kuzunguka bure. Kurudi nilisubiri hadi saa tano, jua lilipokuwa limetoka, nikateremka kama mlivyonielekeza. Ndama ni jike, na mama yake alikuwa amesimama nilipoondoka.

Ile minyororo ya zamani, ya 215/70R16, bado ninayo, pamoja na mfuko wake. Kama yupo kati yenu mwenye matairi ya kipimo hicho anayepita Isyonje, aniandikie, nitampa bure mradi aahidi kwamba atakwenda kuifunga uani kwanza.